Parachichi au choroko? Masharti ya duara yalivyomfikisha mwanangu wodini

Wakuu, habari za mchana. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuingia na majina yenu, mwangaluka.

Juzi kuna mdau kauliza humu: kati ya parachichi na choroko, kipi kina virutubisho zaidi? Nimesoma majibu yote. Kuna aliyesema choroko ni chakula cha shule za bweni. Kuna aliyesema parachichi ni la kupaka kwenye nywele. Ikaishia watu kutajiana makabila.

Nilitaka nipite tu, nikashindwa. Hilo swali limenilaza hospitali na mtoto. Nitawaeleza kama lilivyotokea, chumvi siongezi, na nisipojua kitu nitasema sijui.

Uzi una urefu wake. Mwenye ugali jikoni akausonge kwanza, halafu arudi.

Mimi nauza matunda Nyarugusu, huku Geita kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Meza yangu iko njia ya kwenda kwenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kwa hiyo vumbi ni langu na kelele ni zangu kutwa nzima. Nauza parachichi, papai, ndizi, machungwa, na maembe msimu ukifika.

Wachimbaji wanapenda parachichi kuliko mnavyodhani. Mtu anatoka shimoni mweupe kama aliyelala kwenye unga, analipasua kwa kucha, anatia chumvi, analimaliza amesimama.

Mume wangu, Baba Mabula, ni mmoja wao. Kwao ni Mhunze, Kishapu. Mama yake analima pamba na choroko, na kila akivuna anatutumia kiroba kwa basi. Choroko zenyewe kazipepeta kwa mkono wake, utatafuta kijiwe mpaka uchoke.

Mwanangu Mabula alikuzwa na hizo choroko tangu alipoanza vyakula laini. Nazichemsha mpaka zipasuke, naponda, nachanganya na viazi vitamu. Alikuwa mtoto wa kubeba kwa mikono miwili, na akikimbilia meza yangu wateja wanashika papai zisidondoke.

Sasa niwaeleze wasiojua machimbo. Duara ndilo hilo shimo wanaloshuka. Linachimbwa kwa kikundi, na likikaa muda mrefu bila kutoa kitu watu wanaanza kutazamana vibaya. Nani kakosea? Nani ana mguu mbaya? Hapo ndipo wanakwenda kwa mtaalamu, yaani mganga.

Msicheke. Mumeo akiwa anashuka kwa kamba gizani, na magogo ya kuzuia udongo usimwangukie kayakata yeye na wenzake, hutapata nguvu ya kumcheka mtu anayetafuta kinga. Mimi sikuwahi kuipata.

Mtaalamu akawapa masharti. Mengine siyaandiki, uzi utafutwa. Lililotugusa sisi wake zao ni moja. Chochote kinachokaa ndani ya ganda kwa kujipanga kisiliwe na mtu wa duara lile, wala kisipikwe nyumbani kwake, mpaka duara litoe. Choroko, maharage, kunde, dengu, karanga, njugu mawe, vyote nje.

Sababu yake ilikuwa hivi. Choroko zimejipanga ndani ya ganda kama wao walivyojipanga chini ya ardhi. Ukipasua ganda ukala, umewapasulia duara walio ndani.

Nilisisimka mwili, siwadanganyi. Si kwamba naamini kila kitu. Ila nimeshaona watu wakikimbia na majembe kwenda kufukua mwenzao, na nimeshamwona mke aliyekuwa anasubiri pale juu. Sikutaka siku moja kijiji kizima kinitazame mimi na sufuria yangu.

Basi kiroba cha mkwe wangu nikakihamishia kwa Mama Shija. Huyu ni jirani yangu, mlango wa pili kwenye nyumba ya kupanga, mtu mzima wa Kharumwa, anauza vitumbua. Mume wake ni fundi cherehani, hana habari na duara la mtu. Akapokea kiroba, akakiweka nyuma ya mlango, hakuniuliza hata swali.

Na mimi sikuwa na wasiwasi wowote, maana nina meza ya matunda.

Hapa ndipo pa kusikiliza, hasa nyie wa parachichi. Nilikuwa nimesoma mtandaoni ile orodha yake ndefu, vitamini hii, madini yale, mafuta mazuri, na mwisho wameandika kwamba lina protini pia. Nikasema basi, yameisha. Kama lina kila kitu, choroko za nini?

Mabula akawa anakula parachichi asubuhi, papai mchana, ndizi jioni, na uji wa muhogo katikati. Ziwa nilikuwa nimeshamwachisha. Dagaa alikuwa anawatema wote, hata nikiwaponda. Nyama ananyonya mchuzi ananirudishia kipande. Maziwa machimboni kwetu ni ya kubahatisha, na yai ni siku nikilikumbuka.

Lakini matunda alikula, na mimi nikawa najisifu. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba hata mtoto wa meneja wa benki hali parachichi kama wangu.

Baada ya muda uso ukajaa. Mashavu yakawa ya duara, mpaka wateja wanambonyeza. Mtoto wa matunda kanona, kila mtu anasema hivyo, na mimi meno yote nje.

Ila alikuwa amepoa. Akiwekwa kwenye gunia chini ya meza anakaa hapo hapo, hata mbuzi apite hamfukuzi. Ukimbeba analia, ukimweka analia. Nywele zikawa laini zenye rangi kama ya mahindi machanga. Nikasema ni vumbi la makarasha na jua.

Aliyeona ni Mama Shija. Alikuja meza yangu kuchukua ndizi, akaona ndala ya Mabula imechomoka, akainama kumvalisha. Ndala haikuingia. Akabonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, akakitoa, akatazama. Pale alipobonyeza pakabaki shimo.

"Mayu, huyu hajanona," akaniambia, mayu kwa Kisukuma ni mama. "Huyu kajaa maji."

Nikabonyeza na mimi, shimo jingine likabaki pembeni ya lile la kwanza.

Nilifunika meza kwa turubai, sikuhesabu hata kilichobaki, tukapanda bodaboda moja kwa moja hospitali.

Muuguzi aliyetupokea ni dada wa makamo, mpole, anaongea taratibu. Akambonyeza miguu yote miwili, akamvuta nywele kidogo, akampima mkono kwa ile tepu ya rangi. Halafu akauliza mtoto anakula nini. Nikamtajia yote, parachichi, papai, ndizi, na nilitaja kwa fahari kabisa wakuu, nikidhani atanipongeza kabla hajaendelea kutafuta ugonjwa.

Akaniuliza, "Na maharage? Choroko? Karanga?"

Ningesema nini, kwamba nyumbani kwangu choroko zinaua watu? Nikamwambia hazipendi.

Hakunigombeza. Mpaka leo namshukuru kwa hilo, maana siku ile neno moja kali lingenimaliza. Akavuta kiti, akanieleza. Namnukuu kwa ninavyokumbuka, wataalamu wa lishe mtanirekebisha.

Kwamba parachichi ni tunda zuri sana kwa mtoto. Lina mafuta yanayompa nguvu, ni laini, na hizo vitamini na madini ni za kweli. Na protini ni kweli limo. Ila ni kidogo. Mtoto anayekua anajenga nyama, damu, nywele, ngozi, na vifaa vya ujenzi huo ni protini. Choroko zilizoiva, bakuli kwa bakuli, zinalizidi parachichi kwa protini mara kadhaa, na kwa chuma cha kutengeneza damu zinalizidi pia.

Akasema papai na ndizi ndiyo kabisa, kwa protini hazina cha maana, na muhogo vivyo hivyo. Kwa hiyo mwanangu alikuwa anashiba kila siku na mwili wake unakosa kitu kile kile kila siku.

Nikamuuliza kwa hiyo nilimlisha uchafu? Akatikisa kichwa. Akasema na choroko peke yake nazo zina upungufu wake. Zile za kukauka hazina vitamini C ya maana, na chuma kilichomo kwenye nafaka na kunde mwili unakichukua kwa shida mpaka kipate kitu cha kukisindikiza. Chungwa au papai baada ya choroko, hapo chuma kinaingia vizuri. Na mafuta ya choroko ni kidogo mno, kwa hiyo kipande cha parachichi juu yake kinamuongezea mtoto nguvu bila kulijaza tumbo.

"Usivishindanishe," akasema. "Viweke sahani moja."

Tukalazwa. Mabula akawa anapewa maziwa maalumu kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa saa. Msifanye kosa la kumkimbizia mtoto aliyevimba sufuria la maharage nyumbani. Akishafika hapo ni wa hospitali kwanza, chakula cha kawaida kinafuata baadaye kwa maelekezo yao.

Maji yalipotoka mwilini ndipo nikamwona mwanangu alivyo. Ule unono wote ulikuwa maji. Mkono ulikuwa mwembamba, ngozi inalegea, na nililia pale wodini mpaka mama wa kitanda cha jirani akanipa kanga yake.

Baba Mabula alikuja kila alipotoka shimoni, na vumbi lake hivyo hivyo, anasimama mlangoni kwanza mpaka wamruhusu. Alikuwa anamshika Mabula kidole kimoja cha mguu, basi.

Tuliporuhusiwa muuguzi akarudia: choroko au maharage kila siku, dagaa jaribu tena na tena, yai likipatikana, na matunda yako uendelee nayo. Nikaitikia. Moyoni najiuliza, nitazipikia wapi?

Jaribuni kukaa mahali pangu. Nisipopika, naiona miguu ya mwanangu. Nikipika na duara likakatika likawafukia, nimemuua baba yake na wenzake, na hakuna muuguzi atakayenisafisha mbele ya watu. Mnaosema ningepuuza tu, mnasema mkiwa mmekaa kwenye kochi.

Aliyenifungulia njia ni Mama Shija tena. Nilipomweleza akafikiri kidogo huku anageuza vitumbua, akasema sharti limetaja nyumba ya mtu wa duara, na kwake si nyumba ya mtu wa duara. Mabula akawa anakwenda kula kwake. Zile zile choroko za bibi yake wa Mhunze, kwenye sufuria ya Mama Shija, na mimi napeleka parachichi na chungwa kutoka mezani.

Mama Shija alikuwa anaponda choroko na parachichi pamoja mpaka inakuwa rojo la kijani, sura yake si ya kutamanisha, lakini Mabula alikuwa analamba mpaka kiganja.

Siku moja nimemfuata mtoto nikakuta amekaa na mwenzake, sahani moja, midomo yote ya kijani. Yule mwenzake ni mtoto wa msimamizi wa duara lenyewe. Mama yake alikuwa amekaa pale kwenye ndoo. Tuliangaliana, tukasalimiana vizuri kama watu waliokutana kanisani, kila mtu akanyamaza na lake. Baadaye akaniomba nisimwambie mtu, nikamwahidi.

Mambo yakaenda hivyo, nywele zikaanza kuwa nyeusi kwenye mashina. Halafu binti wa Mama Shija kule Kharumwa akajifungua, ikabidi aende kumlea mzazi. Akanirudishia kiroba kikiwa kimefungwa vizuri, akasema, "Mayu, sasa ni wewe."

Nilikiweka kiroba nje ya mlango, ndani ya beseni, nikakifunika. Nilijaribu kuomba kwa mke wa msimamizi, naye hana pa kupikia, alikuwa anategemea pale pale. Dagaa Mabula bado anatema. Nikaona akianza tena kukaa kwenye gunia.

Ningeweza kupika mume akiwa kazini, nikaosha sufuria, asijue. Wengi mngenishauri hivyo. Nilishindwa. Siwezi kumficha mtu kitu ambacho yeye anaamini kinaweza kumfukia.

Nikamwambia jioni tukiwa tunakula. Nikamwambia yote, pamoja na kwamba Mabula alikuwa anakula kwa Mama Shija. La mtoto wa msimamizi sikulitaja. Nilitamani sana kulitaja, lingempunguzia mzigo, lakini nilikuwa nimeahidi na siri haikuwa yangu.

Akaacha kula. Akauliza muuguzi alisema nini hasa, nikamweleza upya, parachichi, choroko, protini, vyote. Akauliza hakuna kitu kingine? Nikamwambia vingine tumejaribu, anaona mwenyewe. Akanawa, akatoka nje, akakaa juu ya kreti langu tupu la matunda, anamtazama Mabula anavyokokota kopo kwa uzi.

Aliporudi ndani alisema neno moja. "Pika."

Nikamuuliza, na duara?

"Duara nashuka mimi, Mama Mabula. Yeye hashuki."

Wakuu, huyu ni mtu aliyeamini lile sharti. Yeye mwenyewe hakuonja choroko hata moja, alikula ugali kwa mchuzi wake wa nyama pembeni. Hakuwa anajifanya mjanja wala msomi. Alikuwa anaogopa, na nilimwona anavyoogopa.

Asubuhi yake niliinjika choroko kabla hajaondoka. Chumba kikajaa harufu. Alivaa viatu vyake vya mpira, akafunga tochi kichwani, akasimama mlangoni.

Akauliza, "Amekula?"

Nikamwambia amekula.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Mimi siku hiyo niliuza matunda bila kujua nauza nini. Kila kelele ikitoka upande wa maduara nasimama. Alipotokea njiani jioni, mweupe mwili mzima, nilimenya chungwa nikampa, nikajifanya nina haraka na mteja.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi anasimama pale pale, anauliza amekula, namjibu amekula, anakwenda kushuka.

Mabula akapona. Akarudi kukimbilia meza, na papai zangu mbili ziliangukia mtaroni. Sikumgusa hata kwa kofi la utani.

Na duara? Mtauliza tu. Halikumfukia mtu na halikutoa dhahabu. Mvua zilikuja, likajaa maji, kikundi kikavunjika, kila mtu akashika njia yake. Kama kuna aliyekosea masharti mimi sijui, na nadhani hakuna aliyekuwa na hamu ya kuuliza. Baba Mabula siku hizi yuko karashani, analisha mawe kwenye mashine. Vumbi ni lile lile lakini yuko juu ya ardhi.

Kikundi kilipovunjika mke wa msimamizi alikuja mezani kwangu kununua ndizi. Tukacheka yale ya sahani ya kijani. Halafu akaniambia kitu ambacho mume wake alimweleza. Kwamba kuna wakati Baba Mabula alikwenda kwa msimamizi akaomba, bila kutoa sababu, kuanzia siku ile yeye awe anashuka wa kwanza na kukaa mwisho kabisa wa shimo, ndani kuliko wote. Wenzake wakadhani ana tamaa ya mawe.

Nikamuuliza ilikuwa lini. Akanitajia. Ni ile siku niliyopika.

Alitaka duara likikatika, wenzake wawe karibu na mdomo waweze kutoka, limfukie yeye peke yake.

Nilimpa yule mama ndizi zake, nikashindwa kurudisha chenji, ikabidi ajichukulie mwenyewe kwenye kopo.

Kwa hiyo mdau uliyeuliza, jibu langu ni hili. Kwa protini na chuma, choroko imelishinda parachichi mbali. Kwa mafuta mazuri na ulaini kwa mtoto, parachichi limeishinda choroko. Kwa vitamini C usisahau chungwa. Mwenye mtoto mdogo asichague upande, na asidanganyike na mashavu. Mbonyeze mguu. Ukibaki na shimo, usije humu kuuliza, nenda hospitali.

Na wenye masharti yao nyumbani, sijaja kuwadharau, nimeishi nayo. Ongeeni tu, mume na mke, kabla mtoto hajawalipia nyinyi.

Wataalamu wa lishe nisahihisheni nilipokosea. Akina mama wa machimbo, Geita, Kahama, Shinyanga, nyumbani kwenu mmekatazwa nini na mmefanyaje? Na mwenye ujanja wa kumfanya mtoto amalize dagaa, tafadhali auandike hapo chini. Wabeja sana kwa kunisoma mpaka huku.

Baba Mabula hayumo humu, na hajui kwamba niliambiwa. Duara halipo tena na masharti yalikwisha nalo, lakini asubuhi akishavaa viatu bado anasimama mlangoni kwanza, anauliza, "Amekula?"

Namwambia amekula, ndipo anaondoka.